Kitatange Atafuta Mfagizi

Sikilizeni ya Kitatange, samaki mwenye wasiwasi, aliyetaga mayai juu ya jiwe ndani ya tangi la kioo lenye maji ya chumvi. Mwani ulikuwa ukitambaa kuelekea kwenye mayai, na kila alipoutazama aliuona umesogea. Akatangaza kwamba anatafuta mfagizi wa kula uchafu.

Akaja Konokono, taratibu.

"Unakula nini?" Kitatange akamuuliza.

"Mwani tu, mama. Kingine hakinipiti kooni."

"Mwani tu! Na makombo je? Na mizoga? Nina haraka mimi, sitaki mtu wa kuchaguachagua. Nenda zako!"

Akaja Kaa, magando juu.

"Na wewe?"

"Mimi sifichi, mama. Nakula chochote nikionacho, na sishibi."

"Huyu ndiye mwanamume! Anza sasa hivi."

Kaa akaanza. Akamaliza mwani, akamaliza makombo, akala hata samaki mfu aliyeozea mchangani. Tangi likang'aa, Kitatange akashusha pumzi. Mara akamwona Kaa anapanda jiwe.

"We! Unakwenda wapi? Huko kuna wanangu!"

"Nimewaona," Kaa akajibu bila hasira. "Nilikwambia mapema, mama, ukanishangilia."

Tangu hapo tangi ni safi kabisa, na Kitatange amejilaza juu ya mayai yake, njaa inamuuma, macho kayatoa. Mwani haumtishi tena. Anaogopa kusinzia.