Kanga Aliyetaka Kutajwa

Kulikuwa na banda moja, si la kwenu wala la kwetu, ambamo Jogoo aliita kila asubuhi, "Kuku wote!" na kila mwenye manyoya akaitika. Kanga aliitika huku roho inamchoma. Yeye na wenzake walikuwa na madoa yao na lugha yao, ila kwa kuwa mayai yao yaliatamiwa na kuku, basi wakahesabiwa kuku.

"Mzee Jogoo," alisema siku moja, hata kusimama mahali pamoja hawezi, "tutaje kwa jina letu, au hatuitiki tena."

"Ala! Mnakula mtama wetu, mnalala banda letu, nyie ni kuku tu."

Kanga hawakuitika. Walipiga kelele zao kutwa kucha mpaka kuku wakakosa utulivu wa kutaga. Jogoo akachoka. Asubuhi moja akaita, "Kuku wote, na kanga!"

Kanga akapita uani shingo juu kama bibi harusi. Tombo, ndege mdogo aliyelala kwenye kona ya kanga, akamfuata.

"Hongera, Bi Kanga. Sasa na sisi tombo tutajwe."

"Wewe nawe! Mnakula mtama wetu, mnalala kona yetu, nyie ni kanga tu."

"Maneno hayo nayajua, bibi. Ulipoambiwa wewe, hukuyapenda."

Kanga akampa mgongo, akaenda zake.

Kesho yake Jogoo aliita, "Kuku wote, na kanga!" lakini Kanga hakulisikia jina lake. Tombo walikuwa wameshaanza kelele.