Rangi ya Chini ya Misumari

Shekue alipofika kwa mfumaji kuchukua kiti cha marehemu mama yake, alichokipeleka kivikwe kitambaa kipya, alikikuta kimevikwa kitambaa chekundu chenye mistari ya manjano.

"Bi Mwatime, hiki sicho. Cha mama kilikuwa cha kahawia."

Mfumaji akamkunjulia kitambaa cha zamani alichokibandua. Katikati kilikuwa kimechujuka kabisa. Ukingoni, palipokunjwa chini ya misumari, uzi ulikuwa bado mwekundu, na mistari yake ya manjano.

"Sisi rangi huwa tunaitafuta hapa, pasipofika jua. Ila nilipaswa kukuuliza kwanza."

Shekue akapitisha kidole juu ya ule wekundu. Mama aliyemjua yeye alivaa nguo za rangi ya vumbi, na hakupenda mtu akikalie kiti chake.

"Kitambaa hiki alikichagua mwenyewe," alisema taratibu. "Sijui alikuwa mtu wa namna gani wakati huo."

"Nikufumie cha kahawia?"

Shekue alikizunguka kiti, akakishika mgongo, kisha akaketi. Alikaa upande mmoja tu, kama anayemwachia mtu nafasi.