Jina la Mtu Mmoja

"Jina la mtu mmoja tu," muuguzi aliwaambia wale ndugu watatu, akampa kaka mkubwa fomu. "Na msikawie."

Mlango wa chumba cha wagonjwa mahututi ukafungwa. Kaka mkubwa, dereva wa lori, akaikunja fomu mara nne hapo hapo. Kwao ndivyo walivyolelewa. Kila baada ya chakula cha jioni, baba yao, mwashi, aliuliza nchi bora itawaliwe vipi, na aliyeshika karatasi iliyokunjwa ndiye mwenye kusema. Wengine wafunge mdomo.

"Jana daktari alisema baba apasuliwe au aachwe," kaka alianza. "Lori haliendeshwi na madereva wawili. Mimi ndiye mkubwa, naamua mimi."

"Ndiyo maana lori lako halitoki mtaroni." Dada, fundi cherehani, akamnyang'anya fomu. "Tupige kura. Kila kichwa kihesabiwe."

Kitinda mimba, mwalimu, alinyoosha kiganja mpaka akapewa. "Kura! Yaani wasiojua wawili wamshinde anayejua mmoja? Aamue msomi."

"Msomi wa kuhesabisha watoto vijiti?" kaka alimkatiza.

Wakacheka wote watatu, machozi yakiwa karibu. Dada akajiona amerudi mezani kwao, baba kakaa kimya, anawasikiliza kama mtu anayesikiliza redio. Kwa mara ya kwanza tangu wamlete mzee hapa, hofu ikampungua. Hakutaka mjadala uishe.

Fomu ikazunguka mkono kwa mkono, ikalegea kwa jasho. Muuguzi alichungulia mara moja. "Bado tu?" Mara ya pili alitazama, akarudi ndani.

Kufika saa sita mchana wakapiga kura. Kaka, baada ya kubisha tangu asubuhi, akampa dada yake kura yake. Kitinda mimba akanuna, kisha naye akakubali.

"Haya, mheshimiwa rais," kaka alisema, akimkabidhi fomu. "Tuokolee mzee wetu."

Dada alipogonga, muuguzi alitoka akivua glavu.

"Andika jina langu," dada alisema. "Tumekubaliana. Baba apasuliwe."

Muuguzi alipokea fomu, bado imekunjwa.

"Hilo mzee alilikataa mwenyewe alfajiri, akatia sahihi kwa mkono wake," alisema taratibu. "Hii ilikuwa ya mmoja wenu, aingie amshike mkono. Asubuhi nzima, mpaka pumzi ya mwisho, alikuwa akiuangalia mlango."