Muziki wa Nyumba ya Subilaga

Mbeya ya miaka hiyo, kila nyumba ilitunza muziki mmoja wa karne ya ishirini. Nyumba isipoupiga kwa mikono yake mwaka mzima, muziki huo ulifutwa duniani kote, hata vichwani mwa watu.

Nyumba ya Subilaga ilitunza muziki wa watu watatu: yeye alipiga piano, binti yake Tupokigwe fidla, na mumewe Ambakisye chelo, ile fidla kubwa inayopigwa kwa kuketi. Mwaka huo Ambakisye alipata kiharusi, mkono wa kushoto ukalegea.

“Mama, baba hataweza,” Tupokigwe alinong'ona.

“Nimesikia,” Ambakisye akasema. “Nileteeni chelo yangu.”

Wakaanza kupiga. Karibu na mwisho wa muziki huo, chelo hubaki peke yake. Hapo vidole vya Ambakisye vikaanza kuteleza. Akauma meno, akavuta upinde taratibu, mpaka fidla ikampokea na piano ikawapokea wote wawili.

“Umehifadhiwa,” chombo cha ukutani, kilichosikiliza upigaji wa kila nyumba, kikatangaza.

Tupokigwe akapiga vigelegele. Ambakisye akacheka huku machozi yakimtiririka.

Jirani yao, Mama Lugano, akaja mbio kuwapongeza. Muziki wa kwao ulikuwa umefutwa wiki iliyopita.

“Hata wetu ulikuwa mtamu,” akasema. “Ngojeni niwaimbie.”

Akafungua mdomo, na mdomo ukabaki wazi.