Mail ya Mistari Mbili

Mail ya kwanza Firmin aliandika mu kazi ilikuwa ya kuomba pneu, mupira wa gari. Alisalimia shefu, akasalimia bibi ya shefu na watoto, akashukuru Mungu juu ya mvua, na pneu akaitaja kule chini kabisa. Shefu akajibu neno moja: «Amina.» Pneu haikukuja.

Ile aibu Firmin mwenyewe ndiye alikuwa anaihadisia, kila mara akiwafundisha wenzake wa biro ya Kasenga kuandika. Wanacheka, kisha wanashika. Ondosha salamu. Toa kujieleza. Sema unataka nini, siku gani, basi. Zamani walikuwa wanajipanga mbele ya meza yake ili awaandikie, ndiyo ilikuwa kazi yake. Sasa hata Gracien, shofere, anajiandikia. Wiki ile hakuna aliyegonga kwa Firmin. Alifurahi: masomo imeingia.

Kisha akagonga Mama Blandine, mukubwa wa wafanyakazi. Aliingia na kompyuta yake, akafunga mlango. Akaeleza kama wafadhili wamepunguza feza, muntu moja anapashwa kuacha kazi mwisho wa mwezi, na ni yeye Blandine wa kumuandikia. Ameshindwa. Jina hawezi kutaja.

Firmin akasema hakuna lazima ya jina. Dirishani gari ya biro ilikuwa inaonekana, iko juu ya mawe tangu ilivunjika ku njia ya Luvungi, na Gracien amelala ndani.

Mail ilikuwa ukurasa mzima. Firmin akavaa lineti ku macho.

Juu iliandikwa kama yule muntu ni ndugu ya wote.

«Unamufukuza ao unamuoa?» Firmin akauliza.

Blandine hakucheka. Akafuta.

Chini, ilikuwa ile siku mayi ya ziwa iliingia mpaka mu biro, na namna yule muntu aliwapa wote nguvu. Firmin akatikisa kichwa. Ni kweli, Gracien alibeba kompyuta zote kichwani. Lakini haisaidii kitu. Toa.

Kisha iliandikwa kama siku ya Mungu, nyuma ya misa, watakuja wote kwake Nyamianda na chakula, wamushukuru mbele ya bibi yake na watoto. Firmin akafikiri kidogo. Gracien ni jirani yake kule, nyumba ya tatu. Harufu ya samaki itamufikia Firmin kwake. Hata hivyo akasema ile ya chakula wataisema kwa mdomo. Toa.

Ikabaki mistari tatu. Ya mwisho ilikuwa «Asante.»

«Ile nayo,» Firmin akasema. «Ukiweka asante, atafikiri bado kuna mazungumzo.»

Blandine akaweka kidole juu ya kompyuta, hakufuta.

«Papa Firmin, kama ingekuwa weye, ungependa uandikiwe vile?»

«Minye? Minye hata fupi zaidi.»

Blandine akafuta. Akamushika mukono muda murefu, akatoka.

Firmin alibaki anamuwaza Gracien. Si vizuri muntu asome habari ya vile akiwa peke yake. Akachukua karanga mu tiroire ya meza, akashuka mu kiwanja, akaingia mu gari, akakaa mbele, karibu na shofere. Gracien akaamuka, akauliza wanaenda wapi. Firmin akasema hakuna fasi, akamupa karanga. Wakakula, wanaangalia ukuta. Firmin alikuwa amekwisha kutayarisha maneno mazuri ya kumwambia.

Telefone ikalia. Gracien akaangalia yake, akairudisha mu mufuko.

«Ni yako, Papa Firmin.»

Firmin akavaa lineti. «Kazi yako itaisha mwisho wa mwezi huu. Funguo utaacha kwa Blandine.»

Ilikuwa wazi. Hakuna neno la kuongeza, hakuna la kutoa. Akasoma mara mbili, akapangusa chumvi ya karanga ku vidole, akajibu mstari moja, bila salamu:

«Naomba unitumie ile ya kwanza.»