Chai ya Bi Tausi

Kabla ya upasuaji, Bi Tausi alimwomba Daktari Lukiko chai. Daktari huyo kijana akamtania, "Utakunywa ukitoka, bibi." Bibi hakutoka mzima. Tangu siku hiyo, kila Lukiko alipoinua kikombe, sauti ileile ilimuuliza, "Na yangu, mjukuu wangu?"

Leo asubuhi alimwambia mkubwa wake, Daktari Mkunde, "Naacha kazi, mama. Yule bibi haniachi."

Mkunde aliendelea kumenya chungwa. "Mgonjwa wangu wa kwanza kufa aliniomba chungwa kama hili. Nami nilimjibu vilevile."

"Ukamsahau?"

"Thubutu! Ila zamani alikuwa ananipigia kelele. Siku hizi ananiomba kwa adabu. Kaa, tumsikilize wako."

Wakamsikiliza mpaka chai ya Lukiko mezani ikapoa. Nesi akachungulia. "Dokta, mzee wa upasuaji yuko tayari. Ila anang'ang'ania chai!"

Lukiko aliinuka, akaenda. Yale maneno ya "Utakunywa ukitoka" yalimjia mdomoni, akayameza. Aliketi kitandani, akaushika mkono wa mzee, na wote wawili wakautazama mlango wa chumba cha upasuaji ukifunguka.