Kiatu cha kushoto

Zagabe, jirani yetu, aliapa kortini mbele ya juge kwamba alimuona papa, marehemu baba yetu, akitia sahihi wosia unaompa tonton, mdogo wa papa, nyumba yote.

"Na tonton wao hakunipa kitu. Hata chai sikunywa kwake."

"Sogea karibu," juge akamwambia.

Akaja akichechemea, huyo huyo aliyeruka kama mbuzi kwenye harusi ya Jumamosi. Nikamtazama miguuni, nikataka kutema mate.

Viatu vilikuwa vya papa. Soli ya kushoto ilizidi unene kwa vidole viwili, kazi ya fundi wa Nyawera, sababu mguu ule wa papa ulikuwa mfupi. Tangu mazishi, tonton alikuwa amevifungia sandukuni mwake.

Nikasimama.

"Papa Zagabe, toa kwanza hivyo viatu, halafu utembee tena."